Asali yako ina tofauti gani na ya jirani? Namna ya kumfanya mnunuzi akuchague wewe

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara nao wana msemo wao: biashara matangazo. Semi hizi mbili zinavutana, na mfugaji wa nyuki wa mkoani Tabora yuko katikati yake. Leo tunaeleza kwa nini kizuri mara nyingi hakijiuzi chenyewe, na nini cha kufanya. Mfano wetu ni asali, lakini mwenye mafuta ya alizeti, karanga za kusaga au mchele atakuta yake humu.

Ukisafiri kutoka Manyoni kupitia Itigi hadi Tabora, utaona asali imepangwa kando ya barabara. Chupa ni zile zile za maji zilizokwisha kutumika, na kila muuzaji anasema neno lile lile: "Asali safi, asali ya asili." Basi likisimama, abiria ana dakika chache tu. Mara nyingi atanunua kwa aliye karibu na dirisha, au kwa aliyepunguza bei. Aliyesubiri masega yakomae, akachuja na kuhifadhi kwenye ndoo safi, anajikuta anauza kwa bei moja na aliyechanganya maji ya sukari.

Tatizo liko wapi?

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na gari bovu, hulipa bei ya wastani kwa yote. Mwenye gari zima anaona amepunjika, anajiondoa sokoni, na wanabaki wenye mabovu. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001.

Asali iko hivyo hivyo. Ubora umo ndani ya chupa, na mnunuzi hauoni. Akiwa na shaka, hulipa bei ya shaka. Kwa hiyo kujitangaza hapa maana yake si kupiga kelele kuliko jirani. Ni kumwondolea mnunuzi shaka.

Hatua ya kwanza: tafuta tofauti moja ya kweli

Maneno kama "bora", "halisi" na "asilimia mia" hayatofautishi chochote, kwa sababu hata mdanganyifu anayaandika. Kipimo chetu ni rahisi. Chukua sentensi yako, iweke mdomoni mwa jirani yako. Kama naye anaweza kuisema bila kuulizwa swali, hiyo si tofauti.

Linganisha na sentensi hizi: "Asali hii ilirinwa Juni, kwenye msitu wa miombo wa Sikonge, na tarehe iko kwenye kifuniko." "Hii ni ya nyuki wadogo wasiouma." "Ukiona kasoro, rudisha chupa tukurudishie pesa." Hizi zinabeba jambo linaloweza kuhakikiwa. Chagua moja tu, ile ambayo wateja wako wanaijali. Utaijua kwa kuwasikiliza: swali wanalokuuliza kila mara ndilo shaka yao.

Hatua ya pili: jibu shaka kabla hujaulizwa

Wateja wengi wakiona asali imeganda, husema ina sukari. Kuganda ni jambo la kawaida kwa asali nyingi halisi. Husababishwa na sukari ya asili iliyomo, glukosi. Mteja aiweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, asiichemshe, na itayeyuka. Ukiandika maelezo haya kwenye lebo, umegeuza lawama kuwa ushahidi.

Wengine hupima kwa kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha. Kipimo hiki hakiaminiki, maana hata maji mazito ya sukari yanaweza kukipita. Kinachopimwa na wataalamu ni kiasi cha maji. Viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, vinataka maji katika asali ya kawaida yasizidi asilimia 20, kwa kuwa yakizidi asali huchacha. Kipo kifaa kidogo cha mkononi kinachopima hilo kwa tone moja. Kikundi kinaweza kuchangia kimoja na kupima mbele ya mnunuzi wa jumla. Asali ya nyuki wadogo kwa asili ina maji zaidi na ni nyepesi, kwa hiyo mweleze mteja mapema asije akadhani umeichakachua.

Andika pia kwamba asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvihimili. Muuzaji anayetoa tahadhari huaminika kuliko anayeahidi kwamba asali yake inatibu kila ugonjwa. Ahadi hizo ziache kabisa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Alama ya ubora ya TBS ndiyo ushahidi unaotambulika nchi nzima. Mjasiriamali mdogo huanzia ofisi ya SIDO ya mkoa wake, ambako hupata ushauri wa ufungashaji na barua ya utambulisho kwenda TBS. Jina na nembo yako unaweza kuvisajili BRELA, ili mwingine asije akavitumia.

Hatua ya tatu: ijue hesabu ya chupa yako

Hapa wengi wanapoteza. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4. Tuseme jirani anauza kilo moja shilingi 10,000, nawe unauza lita moja shilingi 12,000. Mteja ataona wewe ni ghali. Lakini gawa 12,000 kwa 1.4: kilo yako ni kama shilingi 8,570. Wewe ndiye wa bei nafuu, na hakuna anayejua kwa sababu hukuandika uzito. Chupa ya nusu lita ni kama gramu 700. Iandike namba hiyo kwa maandishi makubwa.

Hatua ya nne: sema kulingana na anayekusikiliza

Abiria dirishani ana sekunde kumi. Mpe mambo matatu: imetoka wapi, imerinwa lini, bei gani. Basi. Ukiongeza hadithi, basi limeondoka.

Mwenye duka mjini ana dakika mbili, na hajali sana historia ya mizinga yenu. Anajiuliza maswali manne: nitapata faida kiasi gani kwa chupa, mtaniletea kila mwezi bila kukosa, chupa haivuji, na isiponunuliwa inakuwaje? Nenda na chupa tatu zilizofungashwa, si dumu. Mwambie, "Tunakuachia hizi, ukiuza utatulipa." Kisha nyamaza, mwache aulize.

Kamati ya mikopo ya halmashauri ni wasikilizaji wa aina nyingine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi ni vingi na fedha hazitoshi wote. Vikundi vingi huanza kwa kusema, "Sisi ni kikundi chenye malengo ya kujikwamua kiuchumi." Kamati imekwisha kusikia hilo tangu asubuhi. Anzeni na kilichokwisha kufanyika: mna mizinga mingapi, msimu uliopita mlivuna ndoo ngapi, mliuza kwa nani, kiasi gani kimebaki. Kisha semeni mkopo utanunua nini hasa, na mtarejesha kwa mauzo yapi. Wekeni chupa yenu mezani. Kama mna daftari la mauzo, lipitisheni mikononi mwao. Asimame mmoja kusema, na mtunza hazina ajibu maswali ya fedha. Fanyeni mazoezi mbele ya jirani asiyejua biashara yenu. Asipoelewa yeye, hata kamati haitaelewa.

Simu na redio

Picha uliyoweka kwenye hali ya WhatsApp hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo mara moja haitoshi. Piga picha nje, asubuhi, chupa ikiwa juu ya kitambaa kisafi, na mkono mmoja umeishika ili ukubwa uonekane. Maneno yaanze na bei na mahali ulipo. Usichukue picha ya mtu mwingine mtandaoni: mteja akiletewa chupa isiyofanana na picha, umempoteza yeye na wote atakaowasimulia.

Kwa upande wetu wa redio, tangazo la sekunde 30 likisomwa kwa mwendo wa kawaida hubeba maneno 60 hadi 70. Wanaotuletea tangazo hutaka kuingiza bidhaa sita, salamu na shukrani. Matokeo yake msikilizaji hakumbuki hata moja. Tunashauri bidhaa moja, tofauti moja, jina mara mbili au tatu, na namba ya simu mara mbili, polepole. Mtu anayekusikia yuko shambani au juu ya baiskeli, hana kalamu.

Chupa ya pili

Tangazo huuza chupa ya kwanza. Ya pili inauzwa na ile ya kwanza ilivyokuwa. Ukisema ya Juni, iwe ya Juni. Ikiisha, sema imeisha. Hapo kuna kishawishi kikubwa, kwa sababu wateja wakiongezeka unaweza kutaka kununua ya jirani usiyoijua na kuibandika lebo yako. Siku hiyo utakuwa umerudi kwenye ile foleni ya kando ya barabara.

Kabla ya gulio lijalo, fanya mambo mawili. Muulize mteja mmoja wa zamani kwa nini ananunua kwako, uandike jibu lake kwa maneno yake mwenyewe. Kisha pima chupa yako kwenye mizani ya dukani, uandike uzito kwenye lebo. Kuandika hakuhitaji fedha, na mizani ya jirani ni ya kuazima.