Hürrem na Mahidevran: Wake Wenza au Wajoli?

Hapana shaka kwamba miongoni mwa michezo ya televisheni iliyozua ubishi katika mwambao wetu, ule wa Kituruki unaojulikana kwa watazamaji wetu kwa jina la "Sultan" umo katika safu ya mbele. Mchezo huo, ambao kwao ulianza kuonyeshwa Januari 2011 na kumalizika Juni 2014, ulitiwa sauti za Kiswahili na kurushwa na Azam TV ya Tanzania. Huku Kililana, bara inayokabili visiwa vya Amu na Manda, ambako mimi hufika mara kwa mara kwa utafiti wa lahaja, bado nawasikia watu wakibishana juu ya wahusika wake kana kwamba ni majirani waliohama juzi.

Ubishi wenyewe, ndugu msomaji, aghalabu huwahusu wanawake wawili. Yupo Mahidevran, mama wa mwanamfalme Mustafa, aliyetangulia katika kasri la Sultan Süleyman. Kisha yupo Hürrem, msichana aliyetekwa kwao, akauzwa, akaletwa Istanbul na kuuteka moyo wa mfalme. Kambi ya Mahidevran ndiyo kubwa. Wafuasi wake, hasa akina mama wa makamo, husema kwamba Hürrem ni mke mwenza mkorofi aliyeivunja nyumba ya mwenziwe. Kambi ya Hürrem ni ya vijana. Hao huisifu akili yake na ulimi wake, na hudai kwamba moyo wa mume hauna kufuli. Wazee wa kiume nao huja na hoja ya tatu: kwamba mfalme Muislamu aliyepigana vita vingi hakustahili kuonyeshwa kila mara akiwa katikati ya wanawake. Hata Uturuki hoja hiyo ilikuwapo, na mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, aliulaumu mchezo huo hadharani.

Sikusudii kuwa kadhi baina ya kambi hizo. Linalonishughulisha ni neno moja ambalo marafiki na mahasimu wa Hürrem hulitumia kwa pamoja, nalo ni "mke mwenza". Neno hilo hutoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Mke mwenza ni mwanamke huru, aliyeolewa kwa mahari na mashahidi, mwenye zamu yake, mwenye wazazi wa kurudi kwao na kadhi wa kumshitakia. Akimdhulumu mwenziwe analaumika, maana alikuwa na hiari.

Je, Hürrem aliingia kasrini kwa njia hiyo? La hasha. Aliingia akiwa suria, yaani mtumwa wa kike ambaye bwana wake ana haki ya kulala naye. Mahidevran naye, ambaye watazamaji wengi humwita mke mkubwa, historia yamhesabu kuwa suria vilevile. Hürrem alikuja kuachwa huru na kuolewa yapata mwaka 1534, jambo lililowastaajabisha watu wa zama zile. Kabla ya hapo wanawake hao wawili hawakuwa na ukewenza. Kiswahili kina neno lao barabara, nalo ni wajoli, yaani watumwa wa bwana mmoja.

Tukilitumia neno hilo, kisa chote chageuka sura. Katika dola ya Waosmani mwana aliyerithi kiti aliruhusiwa kuwaua ndugu zake ili asipate mshindani. Mwaka 1595 Mehmed III aliwaua kumi na tisa kwa mkupuo. Hürrem, mwenye wana kadhaa, alijua kwamba siku Mustafa atakapokalia kiti huenda ikawa siku ya mazishi ya wanawe. Mahidevran naye alijua vivyo hivyo kuhusu mwanawe. Mwaka 1553 Mustafa ndiye aliyeuawa, na aliyetoa amri ni baba yake mzazi. Ajabu ni kwamba katika mabishano niliyoyasikia, lawama nyingi humwangukia mama wa kambo, na baba husemekana tu kuwa "alidanganywa".

Mfikirie pia Ibrahim Pasha, kipenzi cha watazamaji wote. Wapo wanaokiri kwamba walilia alipouawa. Yeye pia alikuwa mtumwa, akapandishwa mwaka 1523 hadi kuwa waziri mkuu, na mwaka 1536 bwana wake akamuua. Hürrem akipanda kwa werevu huitwa mchawi. Ibrahim akipanda kwa werevu huitwa shujaa. Mimi sioni tofauti kati yao isipokuwa ya jinsia.

Yamkini msomaji atauliza, haya ya Istanbul yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Watoto wa Seyyid Said waliotawala Unguja baada yake, akina Majid na Barghash, walikuwa wana wa masuria. Binti yake Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, alizaliwa na Jilfidan, Mcherkesi aliyetekwa vitani akiwa mtoto. Sheria ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa Unguja haikuwagusa masuria. Wao walingoja hadi mwaka 1909. Na huku kwetu, mashamba ya bara ya Amu yalilimwa kwa jasho la watumwa katika karne ya 19, hadi utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Neno "suria" linajulikana, ila halisemwi. "Mjoli" vijana wengi hawajapata kulisikia kabisa. Yamezikwa kwa haya, na haya hiyo naielewa, maana katika jamii ndogo kila mtu anajua, au anadhani anajua, nani ametoka katika tumbo gani. Kulitamka neno ni kama kuinyoshea kidole nyumba ya jirani. Lakini neno likizikwa, dhuluma haizikwi nalo. Hubaki bila jina, na lawama yake hutafuta pa kuangukia. Aghalabu humwangukia mwanamke aliyeuzwa, huku mnunuzi akisalimika.

Simtakasi Hürrem. Mtu aliyedhulumiwa aweza kudhulumu, na mchezo wenyewe, ulioanza kuandikwa na marehemu Meral Okay, haukumficha. Ninalosema ni kwamba kosa la mtu hupimwa kwa hiari aliyokuwa nayo, na hiari hiyo haionekani mpaka hali yake itajwe kwa jina lake.

Kwa hiyo, akina mama wa Kililana na wabishane, tena kwa sauti. Ubishi wao ni darasa kuliko mihadhara mingi. Ila bibi anayeyajua maneno ya kale asiyameze. Mjukuu akisema "mke mwenza", amwambie: huyo alikuwa mjoli, mwanangu, kisha amweleze mjoli ni nani, na bwana wao alikuwa nani.