Mulika Yai, Soma Hewa

Siku ya saba ndiyo siku ya kumulika. Taa ya chumba inazimwa, tochi ya simu inagusishwa upande butu wa yai, na kiganja kinaziba mwanga usivuje. Yai lenye uhai linaonyesha doa jeusi lililozungukwa na mishipa myembamba, kama buibui aliyetandaza miguu. Lisilo na mbegu ya jogoo linapitisha mwanga tupu. Likiwa na pete ya damu, kiinitete kilianza kikafa. Wengi huishia hapo: mayai viza yanatolewa, yaliyo hai yanarudi ndani, mashine ya kutotoleshea inafungwa.

Wanaacha nusu ya habari. Kwenye upande huohuo butu kuna sehemu nyeupe zaidi, yenye mpaka unaoonekana wazi. Hicho ni chumba cha hewa, na mimi ningewashauri wafugaji wakikague kwa makini kuliko mishipa. Mishipa inasema kama kifaranga yupo. Chumba cha hewa kinasema kama mashine yako itamfikisha siku ya 21.

Yai linapotagwa lina joto la mwili wa kuku, karibu nyuzi 41 za Selsiasi, na limejaa pomoni. Likipoa, vilivyomo vinasinyaa, hewa inavutwa kupitia gamba, nayo inatulia kati ya tando mbili za upande butu. Gamba lina maelfu ya vinyweleo. Oksijeni inaingia humo, kabonidioksidi inatoka, na maji yanatoka nayo kama mvuke. Kadiri maji yanavyopungua ndivyo chumba kinavyopanuka. Kufikia siku ya 18, yai linapaswa kuwa limepoteza kama asilimia 12 ya uzito wake. Likipoteza kidogo mno, kifaranga anavimba maji na hewa ya pumzi yake ya kwanza haitoshi. Likipoteza kupita kiasi, tando zinakauka na kumganda mwilini. Kwa vyovyote vile utamkuta amekufa ndani ya gamba, ameota manyoya, na jirani atakwambia mayai yalikuwa mabaya.

Joto, kwa kweli, ndilo jambo jepesi. Nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni, basi. Wamisri wa kale walitotolesha mayai kwa maelfu katika matanuri ya udongo bila kipimajoto chochote. Fundi alibandika yai kwenye kope la jicho lake akajua. Kugeuza mayai nako ni kazi ya mazoea: mara tatu kwa siku au zaidi, ili kiinitete kisigande kwenye utando.

Unyevu ndio unaotuchanganya, hasa kwa sababu ya karatasi ya maelekezo inayokuja na mashine. Inasema: weka maji kwenye trei, dumisha asilimia 50 hadi 55. Haijui unaishi wapi. Hewa ikipashwa joto bila kuongezewa mvuke, asilimia ya unyevu wake inashuka, kwa kuwa hewa ya moto inaweza kubeba mvuke mwingi zaidi kabla ya kujaa. Chukua hewa ya Mombasa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Ikiingia kwenye mashine ikafika nyuzi 37.5, unyevu wake ni kama asilimia 53. Tayari umefika, na trei ni kavu! Sasa chukua asubuhi ya baridi kule Njombe, nyuzi 15, unyevu uleule wa asilimia 80. Ndani ya mashine inabaki kama asilimia 21 tu. Tena Njombe iko juu sana, hewa yake ni nyepesi, na mvuke hupenya gamba kwa kasi zaidi. Mashine moja, karatasi moja, lakini mfugaji wa Mombasa anayatosa mayai yake na wa Njombe anayakausha.

Dawa yake ni mizani ya jikoni. Mayai kumi ya gramu 50 yana gramu 500. Siku ya saba yawe yamepungua gramu 23 hivi, na siku ya 18 yabaki karibu 440. (Ukitoa mayai viza, piga hesabu upya.) Yakipungua polepole, punguza maji, yakikimbia, ongeza.

Baada ya siku ya 18 mambo yanageuka. Maji yaliyopaswa kutoka yameshatoka, kwa hiyo unyevu unapandishwa hadi asilimia 65 au 70 na mayai hayageuzwi tena. Kifaranga anatoboa utando, mdomo unaingia kwenye chumba cha hewa, na mapafu yanaanza kazi. Halafu analigonga gamba kwa kijino kigumu kilicho juu ya mdomo, anafungua tundu, na kutulia saa nyingi, pengine siku nzima. Mwenye huruma hutaka kumbandulia gamba. Asifanye hivyo: mishipa ya utando bado ina damu, na kiini kinaendelea kuvutwa kuingia tumboni.

Kiini hicho ndicho akiba yake. Kinamtosha hadi saa 72 bila chakula wala maji, na ndiyo maana vifaranga wa siku moja wanaweza kusafirishwa mbali ndani ya maboksi. Waliotangulia kutoka wanaweza kungoja ndani ya mashine hadi wakauke. Ukiinua kifuniko kuwatoa mmojammoja, unyevu unatoroka na utando unamkaukia yule ambaye ametoboa tundu tu.