HISABATI: TUKIMBIE AU TUTEMBEE?

Muhula uliopita bwenini mwetu kulizuka mjadala mkali. Je, anayetaka kuwa mhandisi aikimbilie hisabati ya Kidato cha Nne angali katika Kidato cha Tatu? Wengine walishikilia kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Wengine wakajibu kwamba haraka haraka haina baraka. Mimi nilikuwa kundi la kwanza, tena mstari wa mbele.

Nilitafuta kitabu cha Kidato cha Nne, nikawa nakesha nacho wakati wa prepu. Kalkulasi, yaani hesabu ya jinsi vitu vinavyobadilika, ilinipendeza mno. Siku moja mwalimu akaniita ubaoni. "Haya injinia, tutafutie mteremko wa y = (x + 3)²." Nikaandika mbio mbio: x² + 9, kwa hivyo mteremko ni 2x. Darasa kimya! Mwalimu akatabasamu. "Kalkulasi yako haina neno. Kosa lako ni la Kidato cha Pili." Kumbe ukifungua mabano yale unapata x² + 6x + 9, na mteremko ni 2x + 6. Nilirudi kitini nimenywea.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mara nyingi kinachotuangusha si kalkulasi yenyewe, bali aljebra na trigonometria zilizo chini yake. Hata katika KCSE, karatasi ya kwanza ya hisabati hutegemea sana kazi ya Kidato cha Kwanza na cha Pili. Kila karatasi ina alama 100. Ukiidharau ya kwanza kwa sababu ya mapenzi ya ile ya pili, hasara ni yako.

Isitoshe, uhandisi si hisabati pekee. Vyuo vikuu vyetu hutazama fizikia na kemia pia. Na ukishaingia, shahada yenyewe huchukua miaka 5, na kalkulasi hufundishwa tena mwaka wa kwanza. Aliyeisoma mapema hupata wepesi, lakini hapati njia ya mkato.

Je, nasema tusikimbie? La hasha! Jipime kwanza. Unaweza kumaliza karatasi ya mtihani uliopita kwa saa mbili na nusu bila kuchungulia majibu? Unaweza kumweleza mwenzako hesabu hiyo akaelewa? Fizikia na kemia zako ziko sawa? Ukijibu ndiyo mara zote tatu, songa mbele, na umwombe mwalimu akuongoze. Ukijibu hapana hata mara moja, rudi ukaimarishe msingi. Si aibu jamani. Nyumba haianzi kwa paa.

Mimi nimerudi kwenye mabano. Kile kitabu cha Kidato cha Nne kiko sandukuni, kinanisubiri. Kazi kwako, msomaji!