Utangulizi: Kuichora Ardhi Tupu

Kama umewahi kuihariri OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea, bila shaka ulianza na nyumba au barabara. Hizo hazisumbui sana. Kazi huwa ngumu unapofika mahali pasipo na kitu, au panapoonekana hivyo.

Tuanze na mambo mawili ambayo hata wazoefu huyachanganya. Mfuniko wa ardhi ni kile kilichoifunika ardhi: nyasi, maji, mwamba, mchanga. Matumizi ya ardhi ni kile ambacho watu wanaifanyia. Shamba la mtama la Dodoma, likipigwa picha na setilaiti mwezi Septemba, halina hata jani. Ni udongo mtupu. Hata hivyo ni shamba. Ukiliita ardhi tupu, umechora kiangazi.

Utupu basi unaanzia wapi? Mpaka huo umewekwa na watu. WorldCover, ramani ya Shirika la Anga la Ulaya inayoigawa dunia katika vipande vya mita 10 kwa 10, huhesabu ardhi kuwa tupu au yenye uoto haba pale ambapo mimea haizidi asilimia 10 ya eneo wakati wowote wa mwaka. Wakati wowote: kwa hiyo tafuta pia picha ya baada ya masika. Na vichaka vitatu katikati ya mchanga? Mimi huangalia kinachotawala, vichaka navipuuza.

Sasa tuje kwenye lebo, yaani maelezo mafupi unayoyaambatisha kwenye umbo ulilochora ili kompyuta ijue ni kitu gani. Zipo lebo za mwamba mtupu, za mawe yaliyoporomoka chini ya genge, za mchanga, za tope. Utatamani kuandika “jangwa” ukamaliza kazi. Subiri kwanza. Jangwa ni habari ya ukame wa eneo zima. Halikwambii mguu utakanyaga nini. Chalbi, kaskazini mwa Kenya, huitwa jangwa, lakini sakafu yake ni ya ziwa la kale: udongo uliokauka na kuganda chumvi, ambao mvua kubwa ikinyesha hufunikwa tena na maji. Anayepita na gari anahitaji kujua hilo kuliko jina la jangwa.

Ukishazoea, jaribu jambo gumu zaidi. Karibu na Bonde la Olduvai, Tanzania, kuna tuta la mchanga mweusi wa majivu ya volkano, lenye umbo la hilali. Upepo hulisogeza takribani mita 17 kila mwaka juu ya mbuga ya nyasi, nalo haliachi umbo lake. Lichore tu, ila uandike na tarehe ya picha uliyoitumia, ili atakayekuja baada yako ajue alitafute upande gani.