Dawa ya kahawa isigeuke sumu ya mkulima

Mzee mmoja, mkulima wa kahawa kutoka pande za Mukurwe-ini, alinijia akiwa na uvimbe shingoni. Vipimo vilionyesha ni saratani ya tezi za limfu. Hakuuliza ataishi miaka mingapi. Aliuliza: "Daktari, nimepiga dawa kwenye kahawa miaka thelathini. Ni hiyo dawa? Maana sasa pampu anaibeba kijana wangu."

Pengine wewe msomaji wa Othaya, Karatina au Kerugoya umewahi kujiuliza swali hilo.

Kwanza fahamu kuwa hakuna daktari anayeweza kumwangalia mgonjwa mmoja na kuapa kwamba ni dawa iliyomletea saratani. Ugonjwa huu huanza chembe ya mwili inapoharibika na kuzaana ovyo. Kinachoiharibu chaweza kuwa tumbaku, pombe, virusi fulani, moshi au kemikali, na hatari huongezeka kadiri umri unavyosonga. Aghalabu miaka mingi hupita kabla ya uvimbe kuonekana.

Hata hivyo, kuna mambo yanayojulikana. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kuwa kiuadudu kiitwacho lindeni husababisha saratani kwa binadamu, hasa hiyo ya tezi za limfu. Mwaka huo huo DDT, malathioni, diazinoni na glaifoseti, ambayo ni dawa ya magugu, ziliwekwa katika kundi la zile ambazo yaelekea husababisha saratani.

Usiyaelewe vibaya makundi hayo. Yanaonyesha uzito wa ushahidi, si wingi wa watakaougua. Nyama za kusindikwa kama soseji zimo katika kundi moja na sigara, lakini sigara huua watu wengi zaidi. Hatari hutegemea kiasi cha kemikali kilichoingia mwilini na miaka uliyoendelea kuipokea. Kwa hiyo anayebeba pampu msimu baada ya msimu ndiye wa kujihadhari zaidi.

Kumbuka pia kuwa DDT iliwahi kuuzwa kama dawa ya kawaida ya shamba, hadi Kenya ilipoipiga marufuku katika kilimo mwaka 1986. Lindeni nayo iliingizwa mwaka 2009 katika Mkataba wa Stockholm, unaozuia kemikali zinazodumu kwa muda mrefu katika mazingira. Kwa hivyo, dawa kuuzwa dukani leo si hakikisho kwamba haina madhara.

Utepe wa rangi ulio kwenye chupa usikudanganye. Nyekundu, njano, buluu na kijani huonyesha jinsi dawa inavyoweza kukudhuru papo hapo ukiimeza au ikikugusa. Rangi hizo hazisemi lolote kuhusu saratani.

Sumu huingiaje mwilini?

Wengi hudhani ni kwa pua tu. Njia kubwa kwa mpiga dawa ni ngozi. Wakati wa hatari zaidi ni ule wa kuchanganya, kwa kuwa dawa bado ni kali. Halafu pampu inayovuja hulowesha mgongo na suruali, na ngozi ya sehemu za siri hufyonza sumu upesi kuliko ya mkono. Jioni nguo hizo hutupwa kwenye karai moja na za mtoto.

Fanya hivi:

Vaa glavu za mpira, buti, shati la mikono mirefu na kinga ya uso, hasa unapochanganya. Tengeneza pampu inayovuja kabla ya kwenda shambani. Usipige dawa kukiwa na upepo, wala usile au kuvuta sigara kabla ya kunawa. Ukimaliza, oga kwa sabuni na ufue nguo hizo peke yake.

Usioshe pampu mtoni. Vijito vyetu huingia Gura, Chania na Sagana, na wenzako wa chini huyanywa maji hayo. Chupa tupu isuuze mara tatu, maji hayo uyamimine ndani ya pampu, kisha uitoboe. Usiichome, wala usiitilie maziwa au maji ya kunywa.

Kwa nyanya na sukumawiki, hesabu siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuvuna. Mnunuzi naye aoshe mboga kwa maji yanayotiririka, ingawa dawa iliyopenya ndani ya mmea haitoki kwa kuoshwa.

Aina za kahawa kama Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, na Batian ya mwaka 2010 hustahimili chule buni na kutu ya majani, hivyo huhitaji dawa chache. Muulize afisa wa kilimo.

Uvimbe usiouma shingoni, kwapani au kwenye kinena ukidumu zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali. Usingoje uume.

Yule mzee nilimwambia kuwa swali lake la kwanza siwezi kulijibu kwa hakika, lakini la kijana wake naweza. Kliniki iliyofuata alikuja naye. Tuliongea kuhusu glavu, buti na pampu inayovuja. Tahadhari kabla ya hatari.