Luga ya ordinatere: ya kwanza ni gani?

Baba na mama wenye kulipia mutoto masomo ya informatiki wanajiuliza: aanze na luga gani? Tuliangalia hesabu mbili za mwaka 2024. TIOBE inahesabu namna luga zinatajwa mu intaneti: kule Python njo ilikuwa mbele. Stack Overflow inauliza watengenezaji wa programu wenyewe: JavaScript ilipata 62 kwa mia, Python 51.

Nani anadanganya? Hakuna. Wachimbaji wa Kolwezi wanajua hii jambo: mwenye kuhesabu mifuko na mwenye kupima tenere hawafike ku bei moja. Kila mutu anapima kitu yake.

Basi tuulize kwanza mutoto anataka kazi gani. Kurasa za intaneti zinatembea na JavaScript. Kwa hesabu nyingi na akili ya bandia, watu wanatumia sana Python. Mwenye kujua moja muzuri, ya pili haimusumbue sana.

Wakituambia «lipa, hii njo luga ya kwanza mu dunia», tusitoe makuta mbio. Tuulize: ya kwanza kwa hesabu ya nani?