Je, Wajua? Kusaka Nguvu Ukiwa Peke Yako Nyumbani

Je, wajua kwamba utaratibu wa kuongeza uzito hatua kwa hatua, unaofuatwa leo karibu kila jimu, uliingizwa hospitalini na mtu aliyeanza kwa kujifanyia mazoezi nyumbani? Thomas DeLorme wa Alabama, Marekani, aliugua homa ya baridi yabisi akiwa kijana. Alilala kitandani kwa miezi, na madaktari wakamkataza kunyanyua kitu kizito tena. Yeye akajitengenezea vyuma vyake, hata kwa magurudumu ya treni yaliyotupwa, akavinyanyua mpaka mwili ukamrudia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa daktari wa jeshi katika Hospitali ya Gardiner mjini Chicago. Huko aliwakuta wanajeshi walioumia magoti wakipewa mazoezi mepesi yasiyokwisha na yasiyoleta nafuu ya maana. Akawapa uzito mkubwa, akauongeza kila walipopata nguvu. Kazi hiyo aliichapisha mwaka 1945. Mwaka 1948, pamoja na Arthur Watkins, akapendekeza seti tatu za marudio kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito kamili. Kijana anayepiga seti tatu za kumi leo uani kwao Mbagala au Kayole anapita njia ya DeLorme, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Je, wajua kwamba bingwa wa Olimpiki wa uzito wa juu wa mwaka 1956 alijijengea nguvu nyumbani kwao? Paul Anderson wa Toccoa, Georgia, alitumia mapipa yaliyojazwa zege, magurudumu na vyuma chakavu. Uzito wa kuchuchumaa nao ulipomshinda, alichimba shimo akasimama ndani, chuma kikiwa kimelala juu ya kingo, akawa anainuka nacho kwa mwendo mfupi tu. Kadiri alivyopata nguvu alirudishia udongo kidogo kidogo. Miguu ikapanda, naye akalazimika kushuka chini zaidi kwa uzito uleule, mpaka shimo likajaa. Kule Melbourne alinyanyua akiwa na homa, akalingana na Humberto Selvetti wa Argentina kwa jumla ya kilo 500, na dhahabu ikawa yake kwa sababu mwili wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mpinzani.

Je, wajua kopo lako la zege, lile uliloligandisha kwenye ncha ya bomba ili upate chuma cha kunyanyua, lina uzito gani hasa? Lita moja ya zege ina takriban kilo 2.4. Basi kopo la rangi la lita 4 likijazwa hadi juu linakaribia kilo 10, na ndoo ya lita 20 inakaribia kilo 48, tena hiyo ni upande mmoja tu wa bomba. Mchanga mkavu hukaribia kilo 1.6 kwa lita. Maji ni rahisi kuliko yote: dumu la lita 20 ni kilo 20 pamoja na uzito wa dumu lenyewe. Ila dumu lililojaa nusu lina ugumu wake, kwa sababu maji yanahama kila unapolisogeza na misuli ya kiuno inalazimika kuyafuata. Peleka makopo yako kwenye mizani ya duka la nafaka kabla ya kuyatumia. Mawili yaliyojazwa siku moja, kwa zege lilelile, yanaweza kupishana kilo nzima au mbili, na tofauti hiyo utaibeba mgongoni kila siku upande uleule. Tena usiwe na haraka: mafundi wa ujenzi huhesabu siku 28 ndipo zege lifikie nguvu yake iliyokusudiwa.

Chuma cha mashindano ya wanaume kina kilo 20 na urefu wa mita 2.2. Cha wanawake kina kilo 15, na ni chembamba kidogo ili mkono ukishike vizuri.

Je, wajua kwamba katika wiki za mwanzo nguvu hupanda kabla misuli haijanenepa? Sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutoka kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, ambayo inajifunza kuiamsha misuli mingi zaidi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mtu hutoka kilo 30 hadi 45 na shati lake bado linamkaa vilevile. Wengi huvunjika moyo hapo, wakaacha, na hiyo ni hasara kubwa, maana kazi ilikuwa imekwisha kuanza mahali pasipoonekana kwenye kioo. Ushahidi wa hili una zaidi ya karne. Mwaka 1894, katika Chuo Kikuu cha Yale, Edward Scripture na wenzake walionyesha kwamba ukifanyia mazoezi mkono mmoja, na ule mwingine uliokaa bure unapata nguvu. Aliyefungwa plasta mkono wa kushoto ana sababu nzuri ya kuendelea na wa kulia.

Sasa naomba hili lisomwe polepole, hasa na anayefanya mazoezi akiwa amefunga mlango.

Je, wajua kwamba zoezi la hatari kuliko yote kwa mtu aliye peke yake ni lile linalopendwa kuliko yote, yaani kulala kwenye benchi na kusukuma chuma juu ya kifua? Wakati wa kuchuchumaa, chuma kikikushinda unaweza kukiachia kwa nyuma. Unapokivuta kutoka chini, unakiacha kianguke. Benchini wewe ndiye uliye chini. Watu wamekufa kwa chuma kilichowaangukia kifuani au shingoni bila mtu wa kukiondoa, na uzito wenyewe si lazima uwe wa kutisha. Unatosha ule ambao mikono iliyochoka imeshindwa kuusukuma. Kinga inajulikana. Ya kwanza ni fremu yenye pini mbili imara za pembeni, ambayo fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kuitengeneza. Pini zikae chini kidogo ya kifua kilichojazwa hewa, lakini juu ya shingo, na uzijaribu kwanza kwa chuma kitupu. Ya pili, kama huna fremu, usifunge vibanio kwenye ncha za chuma. Ukikwama unakiinamisha upande mmoja, sahani zinamwagika, kisha na upande wa pili. Kelele zitaamsha nyumba nzima, na ziamshe. Makopo ya zege yaliyogandishwa kwenye bomba hayamwagiki, kwa hiyo anayemiliki chuma cha aina hiyo asikitumie benchini akiwa peke yake. Ya tatu, kidole gumba kizungushwe kwenye chuma. Wapo wanaokiacha nyuma pamoja na vingine wakisema mkono unastarehe. Chuma kikiteleza hapo, hakuna kitu cha kukizuia.

Ya nne ndiyo ninayoithamini zaidi: acha marudio mawili tumboni. Tafiti zilizolinganisha watu wanaonyanyua mpaka washindwe kabisa na wanaosimama kabla ya kushindwa zimeona kwamba nguvu hupatikana karibu sawasawa. Mtu aliye peke yake hana faida ya kutosha ya kulifuata lile rudio la mwisho.

Pushapu nayo isidharauliwe. Ukiwa umenyoosha mikono unabeba takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili wako. Magoti yakiwa chini ni asilimia 49. Ukiweka miguu juu ya kiti cha sentimita 60, inafika 74. Mtu wa kilo 80 hapo anasukuma karibu kilo 59, na akichoka anajilaza tu sakafuni.

Je, wajua kwamba macho ya watu ni nguvu? Mwaka 1898 Norman Triplett wa Marekani aliona kwamba waendesha baiskeli hukimbia kasi zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakishindana na saa pekee. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la benchi: wanyanyuaji walewale, uzito uleule, wasaidizi walewale, ila mara moja wasaidizi walionekana na mara nyingine walifichwa. Walipoonekana, marudio yaliongezeka. Kwa hiyo ukinyanyua kidogo nyumbani kuliko ulivyonyanyua mbele ya marafiki, nguvu zako hazijapotea popote. Uandikishe uzito wa nyumbani kama uzito wa nyumbani, usiulinganishe na ule wa jimu ya mtaani. Simu iliyosimamishwa pembeni ikikurekodi itakuonyesha mgongo unapopinda, jambo ambalo kioo hakiwezi, kwa sababu ukigeuza shingo kutazama kioo umeshaharibu mkao.

Je, wajua unaweza kukadiria uzito wako wa juu kabisa bila kuujaribu? Boyd Epley, kocha wa Chuo Kikuu cha Nebraska, aliacha hesabu rahisi: gawanya idadi ya marudio kwa 30, ongeza 1, kisha zidisha kwa uzito ulionyanyua. Aliyesukuma kilo 60 mara 5 anakadiriwa kuweza kilo 70 mara moja. Kadiri marudio yanavyozidi kumi ndivyo kadirio linavyopoteza usahihi. Kwa anayekaa na daftari na penseli kando ya benchi, hesabu hii inamwondolea sababu ya kujaribu bahati usiku akiwa peke yake.

Pumzi je? Mwaka 1985 MacDougall na wenzake nchini Kanada waliwapima wanyanyuaji watano shinikizo la damu kwa mrija uliopitishwa ndani ya mshipa wa mkono. Wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu, wastani ulifika 320 kwa 250, na mmoja akavuka 480 kwa 350. Sababu mojawapo ni kubana pumzi. Kwa mwenye afya, presha hiyo hushuka mara tu anaposhusha uzito. Mwenye presha ya kupanda asianze kabla ya kuonana na daktari, na akianza, atoe pumzi anaposukuma.

Pumzika dakika tatu kati ya seti nzito. Dakika moja inatosha kukutoa jasho, haitoshi kurudisha nguvu.

Je, wajua kwamba maumivu ya siku ya pili hayatokani na tindikali iliyoganda kwenye misuli, kama tunavyosikia kila mara? Laktati huondoka ndani ya saa moja hivi. Kinachouma ni uharibifu mdogo wa nyuzi za misuli, hasa kwa kazi ya kushusha uzito taratibu, nao hukolea kati ya saa 24 na 72. Lakini mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, usingoje kesho, nenda hospitali. Misuli iliyovunjika inaweza kuziua figo.

Kuhusu chakula, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 uliona kwamba kupita gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku hakumwongezei mnyanyuaji faida ya maana. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni gramu 112. Yai moja lina gramu 6 hivi, gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina kama 8 au 9, na zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa wakavu ni protini. Dagaa wa soko lolote la Mwanza au Kisumu wanaweza kushika nafasi ya makopo ya unga wa bei mbaya.

Je, wajua kwamba umri si kizuizi? Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, Boston, waliwafanyisha mazoezi ya uzito wazee kumi wa makao ya wazee, wenye wastani wa miaka 90. Baada ya wiki nane, nguvu ya miguu ilikuwa imepanda kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha hata fimbo zao za kutembelea. Nchini Australia, wanawake waliokoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua walinyanyua uzito mkubwa mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa miezi minane, chini ya uangalizi. Mifupa ya uti wa mgongo wao iliongezeka asilimia 2.9, wakati ya wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ilipungua asilimia 1.2. Habari hizi hazijawafikia mama zetu wa kutosha, ambao bado wanaambiwa wakae, wasijichoshe.

Nafasi ndogo? Nelson Mandela aliandika kwamba chumba chake cha gereza Robben Island alikimaliza kwa hatua tatu. Humo, Jumatatu hadi Alhamisi, alikimbia palepale hadi dakika 45, akapiga pushapu 100 kwa ncha za vidole, akakaa na kulala mara 200 na kuchuchumaa mara 50. Angani, ambako chuma hakina uzito, wanaanga wa kituo cha kimataifa hutumia mitungi ya ombwe inayovuta kwa nguvu ya hadi kilo 272, ili misuli na mifupa yao isiyeyuke.

Wa pwani wajue kwamba upepo wa chumvi hula chuma. Kitambaa chenye mafuta ya mashine mara moja kwa wiki kinatosha.

Je, wajua kwamba misuli iliyopumzishwa haianzi upya? Mwaka 2010 watafiti wa Oslo walionyesha kwa panya kwamba viini vipya vinavyoongezeka ndani ya nyuzi za misuli wakati wa mzigo havipotei misuli inaponywea. Vilikuwa bado vipo miezi mitatu baadaye. Aliyesimama kwa ugonjwa, mtihani au msiba hurudi kwenye kilo zake za zamani upesi kuliko alivyozitafuta mara ya kwanza. Tatizo ni kano, ambazo hujijenga polepole kuliko misuli. Basi wiki ya kwanza ya kurudi, anza na nusu ya uzito, hata kama mikono inadai zaidi.